Tunajikongoja Tu

Kila alasiri, watu wa mtaa wetu wa Hail, hapa Muscat, wanapoamka usingizi wa mchana na kuteleka chai, mimi hufungua kompyuta na wasiwasi wangu. Saa hiyo upande wa pili wa dunia kunapambazuka, na mabasi ya manjano yanatoka kwenda kuchukua watoto wa skuli. Mabasi si yangu. Yangu ni programu inayoyaongoza: ndiyo inayomwambia dereva apite njia ipi, na ndiyo inayompelekea mzazi ujumbe kwamba basi limekaribia, mtoto avae koti atoke. Programu ikikosea, mtoto husimama nje kwenye theluji. Nimeishi kule miaka mingi na baridi ile naijua. Huanzia vidole vya miguu, ikamliza mtu mzima, seuze mtoto.

Kampuni niliifungua hukohuko Marekani baada ya masomo, mimi na Mmarekani mmoja niliyesoma naye. Tulipanga chumba juu ya duka la mikate. Harufu ya mikate ilikuwa ikitupandia tangu alfajiri, na sisi tumbo tupu, tunagombana kuhusu ramani. Nilikuwa na hofu zangu za ugeni, kwani kibali cha kukaa kilikuwa cha muda, na kila kilipokaribia kwisha nilikosa usingizi. Lakini kilichonishinda si kibali wala baridi. Kilichonishinda ni kujisifu.

Kule biashara haiendi bila ya kujisifu. Unasimama mbele ya watu usiowajua, unawaambia macho makavu kwamba kazi yako ni bora kuliko za wenzako wote na kwamba kesho utaitawala dunia. Wao wanatikisa vichwa, wanaandika. Sasa mimi nimelelewa na mama wa Kiunguja, na kwetu mtu akikuuliza hali, jibu ni moja: hivyo hivyo tu. Akikuuliza biashara, unasema tunajikongoja. Gari jipya ni la mkopo tu hilo. Mtoto mchanga akiwa mnene, mzuri, anayeng'ara, unamwambia mama yake, "Mbaya huyu," na mama anafurahi. Nilipofaulu mtihani wangu mkubwa, mama aliwaambia majirani nimepasi kwa bahati tu. Mimi nikanuna. Akanivuta pembeni akaniambia, "Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Na jicho la hasidi halibishi hodi."

Basi mara yangu ya kwanza mbele ya wenye mitaji, mmoja wao aliniuliza, "Kwa nini mnadhani nyinyi ndio mtakaoshinda?" Nikamjibu kwa unyenyekevu wote niliofunzwa kwamba hatujui kama tutashinda, hilo analijua Mungu, ila tutajaribu. Mwenzangu alinikanyaga mguu chini ya meza mpaka leo naukumbuka ule ukucha. Tangu siku ile tukagawana kazi bila ya kuambizana: yeye anasema, mimi natengeneza. Tukaenda hivyo vizuri, wilaya moja ya skuli, yaani skuli za eneo zima chini ya ofisi moja, ikaja, ikaja ya pili, na kubwa kuliko zote ikaja ikatushika mkono. Baba alipougua nikarudi Muscat kumuuguza. Alipofariki sikuweza kumwacha mama peke yake Hail. Nikafungua chumba cha ofisi Ruwi, katikati ya mji, juu ya duka la manukato, nikaajiri vijana wa kuandika programu pamoja nami. Mwenzangu alibaki kule kuzungumza na wateja.

Majira haya ya baridi mkewe akajifungua kabla ya wakati. Mwenzangu akahamia hospitali. Na wiki hiyohiyo, kama shetani alivyopenda, mkuu wa usafiri wa ile wilaya kubwa akataka kuzungumza nasi. Akapanga Ijumaa. Kwao Ijumaa ni siku ya kazi kama nyengine. Kwetu baada ya sala jamaa hujaa nyumbani kwa mama kula pilau, na pilau likishaliwa hakuna anayeondoka, mpaka kahawa, mpaka halua, mpaka waulizwe tena kahawa.

Siku ile jamaa wengine walikwishaondoka. Aliyebaki ni khalati, ndivyo ninavyomwita binamu wa mama. Khalati si mtu mbaya. Ana mapenzi, ana mkono wazi, na mtu akiugua yeye ndiye wa kwanza kufika na supu. Ila ana jicho, na jambo hili ukoo mzima unalijua na hakuna anayethubutu kumwambia. Alimsifia mtoto mmoja nywele, zikapukutika. Alisema gari la kaka yangu linakwenda kama maji, halikumaliza wiki likagongwa kwenye mzunguko wa barabara wa Sib. Mimi ni mtu wa hesabu, najua kwamba magari hugongwa kwenye mizunguko kila siku bila ya kusifiwa na mtu. Lakini khalati akikisifu kitu changu bila ya kusema mashaallah, moyo hunianguka pu.

Chumbani kwangu mtandao ni dhaifu. Ilibidi nikae sebuleni na kompyuta yangu, pembeni kabisa, nimewapa mgongo. Mama alikuwa anamimina kahawa. Khalati alikuwa kwenye mto wake wa kukalia anamenya chungwa, na simu ilipoanza akapunguza sauti ya televisheni, ati nisisumbuke. Nikajua anataka kusikia. Na Kiingereza anakijua, alikisomesha skuli za Sib mpaka alipostaafu.

Mkuu wa usafiri ni mzee wa sauti nzito, hana maneno mengi. Aliniuliza habari za njia mpya na habari za ujumbe wa wazazi, nikajibu vizuri tu. Kisha akaegemea kiti akauliza, "Na kampuni je? Mambo yanakwendaje?"

Nyuma yangu kisu kikaacha kumenya.

Ulimi wangu ukajibu wenyewe, kwa Kiingereza lakini maneno ya nyumbani. "Aa, tunajikongoja tu. Tunasukuma siku."

Akakunja uso. "Wafanyakazi mnao wa kutosha?"

"Tu wachache. Mimi na vijana wawili watatu."

"Nilikuwa nafikiria mwakani muongeze na skuli za upande wa mashariki. Mtaweza?"

"Mwakani, Mungu ndiye anayejua kama tutakuwepo."

Akaandika kitu. Halafu akasema kwamba anasikitika kuyasikia hayo, na kwamba atanitafuta. Mimi nikaona mzee ana adabu.

Nilipofunga kompyuta khalati alinitazama kwa huruma. "Maskini mwanangu. Kazi hizi za kompyuta nazo! Si bora ungerudi ukatafuta serikalini? Mshahara mdogo lakini unalala."

"Ndiyo, khalati, nafikiria," nikamwambia, na rohoni nilikuwa nafurahi kama mtu aliyekwepa ngumi. Nilikaa karibu yake nikala nusu ya chungwa lake. Mama aliinuka. Alikusanya vikombe akaenda jikoni.

Jumatatu alasiri ujumbe ukaja. Mkuu wa usafiri aliandika kwa upole, na upole wake ndio ulionitisha. Alisema kwamba kutokana na niliyomweleza mwenyewe, kamati ya skuli itakaa Jumatano kuamua kama mabasi yao yahamishiwe kampuni nyengine, ambayo ina hakika ya kuwepo mwakani. Nilisoma nikiwa nimesimama katikati ya ofisi Ruwi. Vijana wangu walikuwa wanacheka kitu chao. Mmoja ameoa juzi tu, bado ana hina ya harusi kidoleni. Wilaya ile ndiyo nguzo yetu, ikitoka ile paa lote linakuja chini, na chumba kile kingefungwa kabla ya Ramadhani. Niliwatazama, nikatoka nje nikasimama kwenye ngazi, nikausoma tena ule ujumbe.

Mwenzangu akapiga simu kutoka hospitali. Nilikisikia kichanga kikilia.

"Ulimwambia nini yule mzee?"

"Nilimwambia tunajikongoja."

"Kwani tunajikongoja?"

"Hapana."

"Sasa kwa nini ulisema?"

Utamwelezaje mtu wa kule habari za khalati? Nilitafuta maneno ya Kiingereza nikayakosa. "Kulikuwa na mgeni," nikasema.

Akafunga mlango, kilio cha kichanga kikasikika mbali. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Akasema yeye akienda mbele ya kamati wataona amekuja kufunika kosa langu, kwa hiyo lazima nijitokeze mwenyewe na niseme kwa mdomo wangu. Niseme tuko imara. Niseme mwakani tutakuwepo, bila ya kuongeza kama, wala labda, wala Mungu akipenda. Na niseme kwamba tangu tuanze, hakuna mtoto hata mmoja aliyeachwa njiani kwa kosa letu.

Hili la mwisho ndilo lililonielemea. Ni kweli tupu, halijatokea. Lakini jambo kama lile halisemwi. Unashukuru kimyakimya na unatembea taratibu, kama mtu aliyebeba mayai. Kulisema mbele za watu, wakati wa theluji, na watoto wako ndani ya mabasi! Nilikuwa naogopa kuipoteza wilaya ile, na nilikuwa naogopa zaidi maneno ambayo ndiyo pekee yangeweza kuiokoa. Nikaangalia hali ya hewa ya kule: theluji ilitarajiwa Jumanne usiku, na bado itaanguka Jumatano asubuhi. Nikaangalia tena, na tena, kana kwamba theluji ingenionea haya.

Siku mbili zile nilifanya mazoezi garini, baina ya Hail na Ruwi. Foleni imesimama, mimi nasema kwa sauti, "Sisi ni kampuni imara. Sisi ni bora." Kisha nasema haraka, "Audhu billahi." Bwana mmoja kwenye gari la pembeni alinitazama, akapandisha kioo chake.

Jumanne mama alipika changu wa kupaka, samaki nimpendaye, na mimi nikamgusagusa tu.

"Una nini?" akauliza.

"Sina kitu, mama. Kazi tu."

"Kazi vipi?"

"Hivyo hivyo tu."

Akanitazama, kisha akaichukua sahani. Aliingia chumbani kwake, nikakisikia kiyoyozi chake kinanguruma kama lori la mchanga. Kiyoyozi kile kibovu tangu baba yuko hai, na mama hukiwasha hata siku za baridi kwa sababu bila ya upepo hapati usingizi. Nimemwambia mara nyingi nitambadilishia, na kila mara hunijibu, "Kiache, chanitosha." Hata safari ya Unguja kwa dada yake, kila mwaka namuuliza, na kila mwaka huniambia mwakani. Nilikuwa nadhani uzee umemfanya mvivu wa safari.

Jumatano alasiri nikaweka kompyuta mbili sebuleni, moja ya kamati na moja ya mabasi. Kamati ile hukutana asubuhi yao mapema kabla ya kazi, wakajaa kwenye kioo na vikombe vyao vya kahawa. Kwenye kioo cha pili mabasi yalikuwa yanatambaa kwenye ramani, taratibu kuliko kawaida, theluji. Mikono yangu ilikuwa inatoa jasho. Mama akaja na tasbihi yake, akakaa mwisho wa kochi pasipoonekana.

"Mama, ni kazi hii."

"Najua. Nitakaa hapa. Weye endelea."

Mama naye huwezi kumficha kitu kwa Kiingereza. Alisoma Unguja skuli za zamani, na alipofika Muscat katika miaka ile ya mwanzo ya watu wa Unguja kuhamia Oman, Kiingereza hicho ndicho kilichompatia kazi wizarani. Sikuwa na nafasi ya kubishana.

Bibi mmoja wa kamati akaanza bila ya salamu nyingi. "Ulimwambia mkuu wetu kwamba hujui kama mtakuwepo mwakani. Ni kweli?"

"Nilimwambia hivyo," nikasema. "Mimi natoka kwa watu wasiojisifu. Tukiulizwa hali zetu tunazipunguza, kwa adabu na kwa hofu. Lakini nyinyi mmenikabidhi watoto, mnastahiki kuujua ukweli." Nikawaambia. Kila mwaka skuli zinaongezeka. Tuna wilaya katika majimbo kadhaa, tuna vijana hodari hapa Muscat na watu wetu kule, na tangu tufungue mlango hakuna aliyetuacha. Tunaweza kuzichukua skuli za mashariki hata mwezi ujao. Mwakani tutakuwepo. Inshaallah niliisema moyoni, haraka, bila ya kutikisa midomo. Kila sentensi ilikuwa kama kuvua nguo mbele ya wageni.

Ndipo mkuu wa usafiri akaliuliza lile. "Kuna mtoto aliyewahi kuachwa nje kwa kosa la programu yenu?"

Nikatupa jicho kwenye kioo cha pili. Basi moja lilikuwa limesimama. Halikuwa kituoni, wala halikuwa kwenye taa. Limesimama tu katikati ya njia, na mbele yake vituo vya watoto vinangoja. Nikaona kabisa: nitasema, na nikishasema tu, simu ya mkuu italia, mtoto ameachwa.

"Hapana," nikasema. Sauti ilikatika, nikairudia. "Hapana. Hata mmoja."

Nyuma yangu nikamsikia mama ananong'ona, "Mashaallah, tabarakallah," na chembe za tasbihi zinakwenda mbio. Wakanishukuru. Wakasema watanijibu asubuhi hiyohiyo. Wakaondoka kwenye kioo, na lile basi bado limesimama. Sijui nililitazama kwa muda gani. Likajinyanyua, likasogea, likafika kituo cha kwanza. Baadaye nilijua kwamba dereva alisimama ili gari la kusafisha theluji lipite.

Kabla ya Maghrib mwenzangu akaniandikia: wamekubali, wanabaki, na skuli za mashariki wanatupa. Nilikilaza kichwa juu ya meza nikalia kwa kwikwi. Nilipokiinua nilidhani nitamkuta mama anatabasamu. Alikuwa palepale mwisho wa kochi, tasbihi imetulia mapajani.

"Yale uliyoyasema ni kweli?" akauliza.

"Ni kweli, mama."

"Yote?"

"Yote."

"Tangu lini?"

"Miaka sasa."

Akaikunja tasbihi yake taratibu, kama anayekunja kitu cha mtu mwengine. "Mie kila sala nakuombea Mungu akuinue. Nikiketi hapa nnajisemea, mwanangu anajikongoja, aona haya kuniambia. Kiyoyozi nimekaa nacho chaningurumia, naogopa kukutia gharama. Dada yangu Unguja kaniita, kaniita, namwambia mwakani, kwani najua tiketi utakata weye na huna. Kumbe ushainuka zamani."

"Lakini mama, si weye uliyenifundisha?"

"Nilikufundisha uwaambie watu." Akanitazama, na macho yake yalikuwa yamejaa maji. "Na mie ni watu? Na mie nna jicho?"

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Kweli, yote niliyokuwa nawajibu jamaa wa Ijumaa ndiyo niliyokuwa namjibu yeye, maneno yaleyale, kwa sababu yalikuwa yanatoka yenyewe na kwa sababu hakuuliza mara mbili. Aliinuka, akashika ukuta, akaenda kusali.

Siku ya pili sikwenda Ruwi. Alasiri niliichukua kompyuta nikaiweka juu ya kitanda chake, nikakaa pembeni yake. Alivaa miwani, akainama.

"Haya madude yanayotambaa nini?"

"Mabasi, mama. Kila moja lina watoto ndani. Hili linatokea mashambani, hili linapita mtoni. Haya yote."

"Haya yote?"

"Haya yote. Na mengine hayajaamka, huko hakujakucha."

Nikamweleza kila kitu bila ya kukipunguza. Yalikuwa yananiwia mazito, nikasita mara mbili, akanigonga goti kwa kiganja nisiache. Simu yake ikalia. Alikuwa khalati, na sauti yake ilisikika mpaka kwangu: anauliza yule mtoto kazi yake imefikia wapi, kuna nafasi imetoka serikalini.

"Aa, hivyo hivyo tu, dada," mama akasema, macho hayakubanduka kwenye kioo. "Anajikongoja. Hiyo nafasi ahsante, nitamwambia."

Akaiweka simu chini. Kisha akaweka kidole juu ya ramani.

"Hili mbona limesimama?"

"Lamngoja mtoto atoke, mama."

"Mtoto gani huyo hatoki? Na baridi hiyo?"

"Atatoka."

Akanishika mkono. Wake ulikuwa umeshaanza kutoa jasho, kama wangu. Chai ilikuwa inachemka jikoni, na hakuna aliyeinuka kwenda kuizima.